PAKA HANA UZIO: Mnyama wa Nyumbani, Haki ya Jirani na Maradhi ya Upweke



 



Katika darasa la Fiqh tumesoma mlango wa maji, na humo tumepita katika mas-ala ya maji aliyoyanywa paka. Wengi wetu tulikariri hukumu kwamba si najisi, tukafunga daftari. Leo napenda tulifungue tena daftari hilo, kwa sababu ndani ya mas-ala yale madogo kuna somo kubwa kuhusu jirani, na kuhusu maradhi ambayo zamani tulidhani ni ya miji ya Ulaya peke yake, nayo ni upweke.

Malengo ya somo

Baada ya kusoma somo hili mwanafunzi aweze:
1. Kueleza jinsi Mtume (s.a.w.) alivyowajali watu kupitia wanyama wao.
2. Kueleza namna mnyama wa nyumbani anavyowaunganisha majirani wa mjini.
3. Kutaja haki za jirani kwa mwenye kufuga, na haki za mnyama mwenyewe.

Kisa cha mtaa wenye kuta

Nianze na jambo lililonipata mimi mwenyewe. Mwaka 2019 nilihama Bahi kwenda kufundisha Dodoma mjini. Nilipanga chumba katika mtaa mpya pembezoni mwa jiji, mahali ambapo miaka michache nyuma palikuwa mashamba ya mtama na vichaka vya miiba. Kila nyumba ilikuwa na uzio wa tofali na geti la chuma. Watu walitoka Tanga, Mwanza, Kigoma na Dar es Salaam, kila mmoja kafuata kazi yake. Asubuhi unasikia mageti yanafunguliwa, jioni unasikia yanafungwa. Kwetu Bahi ukipita mbele ya nyumba ya mtu mzima bila kutoa "Mbukwenyi", kabla ya Magharibi mama yako ameshaambiwa. Kule nilikaa miezi mitatu bila kujua jina la mtu wa nyumba ya pili.

Aliyekuwa akizivuka kuta zile alikuwa paka mmoja dume, mweusi, sikio la kushoto limechanika. Nikirudi kutoka Swala ya Alfajiri namkuta kizingitini. Nilikuwa nikimpa ugali wa jana uliochanganywa na dagaa. Nikamwita Mgeni. Akishakula, hujilamba, akapanda ukuta na kwenda zake.

Nyumba ya kona aliishi bibi mmoja mjane. Mwanawe alikuwa dereva wa lori, akisafiri wiki mbili au tatu hajarudi. Dukani nilisikia watoto wakikatazwa kupita kwa bibi yule. Sababu waliyopewa ilikuwa kwamba bibi anakaa peke yake, na ana paka mweusi anayelia usiku. Mimi, mwalimu wa dini, niliyasikia maneno hayo, nikachukua mkate wangu, nikaondoka. Hilo lilikuwa kosa langu na ninalikiri hapa.

Siku moja paka hakuondoka. Alikula, akabaki, akalia. Siku ya pili vilevile. Siku ya tatu mama wa nyumba ya pili akagonga geti langu, mara ya kwanza tangu nihamie.

"Ustadhi, samahani. Huyu paka ni wako? Tangu juzi saa nne anashinda kwangu analia."

"Mama, mimi nilidhani ni wako."

"Wangu? Mimi namwita Mwizi, kwa sababu alinilia samaki. Saa nne huwa hayupo kabisa huku. Huwa anakula wapi?"

Tukatazamana. Wote wawili tulikuwa tukimwona kila siku akishukia kwa bibi wa kona.

Tulikwenda. Geti halikufungwa kwa komeo. Tulimkuta bibi kitandani, homa kali, ndoo ya maji imekauka. Alikuwa hivyo siku ya tatu. Alipotuona hakushangaa sana. Alisema, "Karibuni wanangu. Kumbe na ninyi mnakaa hapa?"

Tulimpakia kwenye bajaji tukampeleka zahanati, na Alhamdulillah alipona. Tangu siku ile yule mama akawa anampelekea uji, mimi nikawa namtekea maji, na watoto wale wale waliokatazwa wakawa wanakwenda jioni kumlisha paka na kusimuliwa hadithi. Lakini maneno yake yale hayajanitoka mpaka leo. Tulizijua saa za kula za paka. Jina la bibi hatukulijua.

Sisemi kwamba paka yule alikuwa na elimu ya ghaibu. Alikuwa na njaa tu. Lakini Allah (s.w.) aliifanya njaa ya kiumbe yule iwe sababu ya majirani watatu kujuana.

Mtume (s.a.w.) na ndege wa mtoto

Hebu sasa tutazame mwenendo wa Mtume wetu. Anas bin Malik (r.a.) alikuwa na mdogo wake kwa mama, mtoto wa Abu Talha na Ummu Sulaym (r.a.), aliyeitwa Abu Umayr. Mtoto huyu alikuwa na ndege mdogo aliyekuwa akicheza naye. Ndege akafa. Mtume (s.a.w.) alikuwa na mazoea ya kuwatembelea nyumbani kwao. Alipomwona mtoto ana huzuni na kuambiwa sababu, hakumpuuza. Alimwita kwa jina lake la heshima, kama anavyoitwa mtu mzima, akamwuliza habari za ndege wake. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim.

Tutafakari. Mtume wa Allah, mwenye kubeba mambo ya umma mzima, anapata nafasi ya kumliwaza mtoto kwa ajili ya ndege. Hakumwambia kuwa ni ndege tu, asilie. Alijua kwamba mtoto aliyempoteza rafiki yake, hata kama rafiki huyo anatosha kiganjani, huzuni yake ni ya kweli. Tena tazama mlango alioingilia. Kumfikia mtoto, Mtume (s.a.w.) alipitia kwa ndege.

Wanavyuoni hawakuiona hadithi hii kuwa ndogo. Ibnul-Qass, mwanachuoni wa madhehebu ya Imam Shafi, aliyefariki mwaka 335 Hijria, aliandika kitabu kizima juu yake na kutoa humo faida sitini. Miongoni mwa waliyoyatoa wanavyuoni katika hadithi hii ni kwamba inajuzu kumfuga ndege, maadamu hateswi wala hanyimwi chakula.

Paka mzungukaji

Sasa turudi kwenye mlango wa maji. Kabsha binti Kaab bin Malik alikuwa mke wa mtoto wa Abu Qatada (r.a.). Siku moja alimwekea baba mkwe wake maji ya kutawadhia. Akaja paka anataka kunywa. Abu Qatada hakumfukuza, bali alikiinamisha chombo mpaka paka akanywa akatosheka. Alipoona mkwewe anamtazama kwa mshangao, alimweleza kuwa Mtume (s.a.w.) amefundisha kwamba paka si najisi, kwa kuwa ni katika wale wanaozunguka miongoni mwetu. Hadithi hii wameipokea Abu Daud, Tirmidhi, Nasai na Ibn Majah.

Angalieni sababu iliyotolewa. Paka amesamehewa kwa sababu anazunguka, anaingia na kutoka. Sheria imeukubali mzunguko wake kuwa sehemu ya maisha ya watu, ikaondoa uzito ambao ungetupata kama kila chombo alichogusa kingekuwa najisi. Basi kiumbe ambaye Sheria yenyewe imemtambua kwa kupita kutoka nyumba hadi nyumba, si ajabu akawa kiungo baina ya nyumba hizo.

Tusimsahau na Abu Hurayra (r.a.), ambaye Hadithi zake zilizohesabiwa na wanavyuoni ni 5,374. Jina lake hilo maana yake ni mwenye kijipaka. Imepokewa kwamba alipokuwa akichunga mbuzi wa watu wake alikuwa na paka mdogo. Usiku alimweka juu ya mti, mchana akawa anacheza naye. Vijana wetu wa Bahi wanaochunga mbuzi wanaijua siku ya machungani ilivyo ndefu ukiwa peke yako, na wanajua thamani ya mwenzi. Kijana mchungaji yule ndiye Allah (s.w.) aliyemfanya kuwa hazina ya Hadithi za Mtume wake, na umma mpaka leo unamwita kwa jina la paka wake.

Kwa nini somo hili sasa?

Huenda mwanafunzi akauliza, "Ustadhi, sisi Bahi tunajuana wote, somo hili linatuhusu nini?" Linatuhusu kwa sababu mji unatufuata, na wengi wetu tutaufuata sisi. Katika sensa ya mwaka 2012 Dodoma mjini ilikuwa na watu 410,956. Katika sensa ya mwaka 2022 walikuwa 765,179. Hapo katikati, kuanzia mwaka 2016, Serikali ilihamia Dodoma, na mwaka 2018 manispaa ikawa jiji. Barabara ya Singida na Reli ya Kati vinapita hapa kwetu Bahi. Kaka na dada zenu wengi wako kule leo, katika vyumba vya kupanga, miongoni mwa watu wasiowajua.

Ama upweke, si maradhi ya matajiri. Mwezi Juni 2025 tume ya Shirika la Afya Duniani ilitoa ripoti iliyoeleza kwamba mtu mmoja katika kila sita duniani anasumbuliwa na upweke. Tena katika nchi zenye kipato kidogo hali imeonekana kuwa mbaya zaidi, kama watu 24 katika kila 100, ilhali katika nchi tajiri ni kama 11. Ripoti hiyo imeuhusisha upweke na maradhi ya moyo, kiharusi, sonona na vifo vya mapema. Kwa hiyo anayemwondolea mwenzake upweke anamhifadhi na afya yake.

Mnyama anawaunganishaje majirani?

Mwaka 2015 watafiti wakiongozwa na Lisa Wood wa Chuo Kikuu cha Western Australia walichapisha utafiti uliofanywa katika miji minne, Perth ya Australia, na San Diego, Portland na Nashville za Marekani. Waliwauliza watu zaidi ya 2,500. Kwa jumla wenye kufuga wanyama walionekana kuwajua zaidi watu wa mtaani kwao kuliko wasiofuga. Na katika hao wenye kufuga, takriban wanne katika kila kumi walisema wamewahi kupata msaada wa namna fulani kutoka kwa mtu waliyejuana naye kupitia mnyama. Utafiti wa namna hii hauthibitishi kwamba mnyama peke yake ndiye sababu, kwani huenda wanaopenda watu ndio wanaopenda na wanyama. Lakini unakubaliana na yale tunayoyaona kwa macho yetu.

Mambo yenyewe ni mepesi kuyafahamu:

(a) Mnyama humpa mtu sababu ya kuzungumza. Ni vigumu kugonga geti la usiyemjua na kumwambia, "Nimekuja tujuane." Ni rahisi kusema, "Samahani, umemwona paka wetu?" Baada ya swali hilo salamu ya kesho ni nyepesi.

(b) Mnyama huhitaji msaada wa jirani. Ukisafiri kwenda msibani, nani atampa maji? Ukimwomba jirani umemwonesha kuwa unamwamini, naye siku nyingine ataona wepesi kukuomba wewe. Ujirani hujengwa na haja ndogo ndogo.

(c) Mnyama humpa mpweke kazi ya kuamkia. Mzee aliyestaafu au mjane ambaye watoto wamehama, akijua kuna kiumbe kinamsubiri, atainuka, atafungua mlango, ataonekana nje. Na mtu anayeonekana nje kila siku, siku asipoonekana ataulizwa.

(d) Watoto wa paka hugawiwa. Mtaani paka akizaa, jirani huomba mmoja kwa ajili ya panya wa ghalani. Sisi tunaohifadhi mtama, uwele na mpunga tunajua panya ni adui wa namna gani. Zawadi ile inabaki kuwa kumbukumbu: "Huyu alitoka kwa mama fulani."

Na jambo hili si geni kwa Waswahili wenzetu. Mji mkongwe wa Lamu nchini Kenya unasifika kwa paka wake. Vichochoro vyake ni vyembamba, watu huketi barazani, na paka hupita miguuni mwao kutoka nyumba hii hadi ile. Istanbul nchini Uturuki, mji mkubwa mno, wenye maduka na wakazi huwawekea paka wa mitaani chakula na maji mbele ya milango, ingawa si wa mtu yeyote. Paka wa wote huwapa watu jambo la kulifanya pamoja. Mitaa yetu mipya imejenga kuta kabla ya kujenga baraza. Tujifunze kwa wenzetu.

Jirani ambaye hapendi paka

Hapa lazima tusimame, maana mnyama yule yule anayeunganisha anaweza kugombanisha. Nani kati yetu hajasikia ugomvi wa vifaranga? Mama kaangua vifaranga kumi, asubuhi wamebaki sita, na paka wa jirani anajilamba midomo juu ya bati.

Wanavyuoni wetu hawakuliacha jambo hili. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, ameeleza katika Minhaj kwamba paka akiharibu ndege au chakula cha watu, na ikiwa inajulikana kuwa hiyo ndiyo tabia yake, basi kwa kauli yenye nguvu mwenyewe atalipa, iwe ni usiku au mchana. Kwa hiyo usimwambie jirani, "Paka ni paka, nitamfanyaje?" Ukijua tabia yake, mfungie ndani wakati wa hatari, na kilicholiwa kilipe. Usingoje uitwe kwa balozi.

Vilevile kuna jirani anayeogopa wanyama, na mwingine anaumwa pumu na manyoya humdhuru. Allah (s.w.) katika Suratun-Nisaa, aya ya 36, ametuamrisha wema kwa jirani wa karibu na jirani wa mbali. Na Mtume (s.a.w.) ameeleza kuwa Jibril (a.s.) alimuusia sana juu ya jirani mpaka akadhani kuwa jirani atafanywa mrithi. Basi mapenzi yako kwa paka yasiwe sababu ya kumuudhi ambaye Allah amekuusia.

Ama mbwa, hukumu yake tumeisoma. Mtume (s.a.w.) amebainisha kuwa anayefuga mbwa hupungukiwa thawabu kila siku, isipokuwa wa kuchungia mifugo, wa kuwindia au wa kulindia shamba. Wafugaji wetu wa ng'ombe na mbuzi wamo katika ruhusa hiyo. Katika madhehebu yetu ya Shafi mate yake ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Lakini unajisi wake si ruhusa ya kumpiga mawe. Ni katika Bukhari na Muslim pia kwamba mtu mmoja msafiri alishuka kisimani, akamtekea maji kwa kiatu chake mbwa aliyekuwa akihema kwa kiu, na Allah akamsamehe dhambi zake.

Paka mweusi na ulimi wa watu

Jambo hili ni zito, nalo ndilo lililonifanya niandike. Wapo wanaodhani kuwa paka mweusi ni mkosi, au paka aliaye usiku ametumwa. Mtume (s.a.w.) amekanusha imani ya mikosi, kama ilivyo katika Bukhari na Muslim. Paka hulia usiku kwa kutafuta mwenzi, kwa njaa, au kwa kugombea mpaka wake. Rangi yake ameipaka Mola wake.

Dhana hii haimdhuru paka peke yake. Humfikia na anayekaa naye, na mara nyingi huyo ni mwanamke mtu mzima anayeishi peke yake. Tunajua kwamba katika baadhi ya mikoa ya nchi yetu wazee, hasa akina mama, wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Mauaji hayo huanza na neno dogo la dukani, kama lile nililolisikia mimi nikanyamaza. Kwanza watoto wanakatazwa kupita. Kisha watu wazima wanaacha kusalimia. Kisha mtu yule anabaki peke yake kabisa, na aliyebaki peke yake hana wa kumtetea. Ewe mwanafunzi, ukisikia neno hilo, likatae papo hapo kwa adabu. Halafu nenda ukamsalimie bibi huyo, mchana kweupe, watu wakikuona.

Haki za mnyama

Anayefuga amebeba amana. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba mwanamke mmoja aliingia Motoni kwa sababu ya paka aliyemfungia. Hakumlisha, wala hakumwacha ajitafutie wadudu wa ardhini. Basi tuzingatie haya:

1. Chakula na maji kila siku. Maji hasa, kwa sababu ya kiangazi chetu kirefu.

2. Usimfunge kamba shingoni wala usimtese kwa mchezo. Mbali na dini, nchi yetu ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inayokataza ukatili kwa wanyama.

3. Chanjo. Mbwa na paka wachanjwe kila mwaka dhidi ya kichaa cha mbwa. Waulizeni maofisa mifugo wa kata. Tarehe 28 Septemba ni siku ya kimataifa ya kupambana na maradhi haya. Siku ya chanjo majirani nendeni pamoja.

4. Akikung'ata au kukuparura mnyama, osha jeraha mara moja kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya upate chanjo bila kuchelewa. Usifiche kwa kuogopa kugombezwa. Dalili za kichaa cha mbwa zikishaanza, karibu hakuna anayepona.

5. Nawa mikono baada ya kumshika. Mama mjamzito asishike kinyesi cha paka, kwani kina vijidudu vinavyoweza kumdhuru mtoto tumboni.

6. Usichukue mnyama ambaye huwezi kumtunza. Kumtupa mtoto wa paka stendi au gulioni usiku si kumwachia Mungu. Ni kuitupa amana.

Paka hatoshi

Mwisho tusiifahamu vibaya maana ya somo. Paka hazibi nafasi ya mtoto asiyempigia simu mama yake. Hamswalii maiti, hatii maji kinywani kwa mgonjwa, hajibu salamu. Bibi yule wa kona alikuwa na paka siku zote tatu za homa, na bado ilibidi watu waje. Kazi ya paka ilikuwa kutufikisha mlangoni. Kuingia ilikuwa kazi yetu.

Mtume (s.a.w.) alimfundisha Abu Dharr (r.a.) azidishe maji katika mchuzi apate kuwapa majirani. Bakuli la mchuzi, kikombe cha uji, na hata habari za paka aliyepotea, vyote ni njia za kuufikia mlango wa mwenzako. Tusizidharau kwa udogo wake.

Bibi yule alifariki mwaka 2022. Allah amrehemu. Kaburini tulikuwa watu wengi wa mtaa ule, kila mmoja akimjua mwenzake kwa jina.

Maswali ya kujipima

1. Taja sababu ya paka kutokuwa najisi kama ilivyo katika hadithi ya Abu Qatada (r.a.).
2. Mtume (s.a.w.) alimliwaza vipi Abu Umayr? Toa mafunzo mawili.
3. Paka wako ana tabia ya kula vifaranga vya jirani. Eleza wajibu wako.
4. Utafanya nini ukiumwa na mbwa njiani kuja madrasa?
5. Kazi ya nyumbani: Wataje majirani zako wa nyumba saba kwa majina. Usiyemjua, mtembelee wiki hii pamoja na mzazi wako, kisha mweleze mwalimu mlivyopokelewa.